Faili Lipo

Tukuyu, saa kumi na moja alfajiri, mvua
haijaamua kunyesha wala kuacha.
Mashine ya ofisi ya chama imenijibu tena:
hakuna faili wala folda ya namna hiyo.

Lipo. Nimeliweka mwenyewe jana jioni,
uzito.csv, ndani ya folda ya mizani,
kilo za majani mabichi ya chai za vijiji vinne.
Lipo kama kinu kilivyo jikoni.
Nalifungua kwa kipanya, linafunguka.
Naiambia programu isome, inasema halipo.
Kati yetu, nani kipofu?

Nikaanza na makosa ninayoyafahamu.
Herufi kubwa: Gwakisa, karani wa mizani,
huandika Uzito kwa U kubwa, kama jina la mtu,
na kompyuta yake haijali, hii yetu inajali.
Si hilo.
Nafasi tupu mwishoni mwa jina,
ile inayoachwa na kidole gumba kikipumzika.
Si hilo.
Mkia wa pili, .txt, uliofichwa nyuma ya ule wa kwanza.
Si hilo.
Chai yangu imeota ngozi.

Na juzi ilisoma! Juzi niliiendesha kwa mkono,
nikiwa nimekaa ndani ya folda yake.
Usiku huu imeamshwa na saa ya mashine.

Dada yangu Tumwitike aliwahi kumwelekeza fundi bomba kwa simu:
kata kushoto, nyumba ya pili, yenye migomba mbele.
Akidhani fundi yuko stendi. Fundi yuko Kiwira.
Akakata kushoto, akahesabu mbili, migomba akaiona
(migomba, Rungwe hii, nani hana?)
akagonga kwa watu wasio na bomba hata moja.
Hakudanganywa. Hakupotea.
Alianzia kwingine.

Basi nikaongeza mstari juu ya mingine yote:

puts Dir.pwd

yaani, kabla sijakutukana, niambie umesimama wapi.
Ikajibu kwa alama moja tu, mkwaju:

/

Mzizini kabisa. Masikini,
ilikuwa inatafuta mizani yetu
katika ua wa mashine nzima.

Nikaifunga njia kwenye nyumba ya programu yenyewe:

File.join(__dir__, "mizani", "uzito.csv")

Usihesabu tokea unaposimama. Hesabu tokea kwenu.

Ikasoma. Mistari mia mbili na kumi na sita
kama mtu anayeteremka mlima na mzigo mwepesi,
kisha wa mia mbili na kumi na saba ikaanguka.
Baiti batili.

Mwang\x92onda

Subilaga Mwang'onda, kilo thelathini na nne.
Gwakisa aliandika jina sawasawa,
programu yake ikaipinda ritifaa ipendeze,
na mashine yetu haikuijua sura ile.
Tone dogo hivyo la wino!
Lakini ndilo linalopeleka sauti puani;
bila hilo ng'ombe hatembei,
na ng'ambo hakuna wa kuvuka.

Ipo amri ya kufagia kila baiti isiyoeleweka.
Mkono ulishaifikia.
Angebaki Mwangonda, na Mwangonda
hayumo katika orodha ya benki,
na mama yule angepanda kilima hiki mara tatu
kuambiwa kwamba hayupo,
yeye na kikapu chake, mbele ya dirisha letu.

Nikafuta amri. Nikaandika badala yake
"Windows-1252:UTF-8":
soma kwa lugha ya Gwakisa, niambie kwa yetu.

Jumla imetoka. Jina limetoka na tone lake.
Nje mvua imeamua.
Nami nimehamia folda nyingine, ya mbali, makusudi,
naiendesha tena kutoka huko,
nione kama itakumbuka kwao.